Ukiukaji wa Kaida na Udhibiti wa Jamii: Nadharia Ipi Ichaguliwe kwa Swali Lipi

Mwanafunzi wa sosholojia anayetaka kuandika kuhusu ukiukaji wa kaida hukuta mbele yake nadharia nyingi zinazodai kueleza jambo moja, naye hushawishika kuchukua ile aliyoielewa upesi au ile anayoisikia zaidi darasani. Uchaguzi wa namna hiyo huidhoofisha kazi tangu mwanzo, kwa sababu nadharia hizo hazielezi jambo moja. Kwa nini kijana huyu aliiba na ndugu yake hakuiba ni swali moja. Kwa nini mtaa fulani unabaki na wizi mwingi miaka nenda miaka rudi, ilhali wakazi wake wanahama na wengine wanahamia, ni swali la pili. Kwa nini wizi wa kijana humfikisha gerezani lakini udanganyifu wa mkurugenzi wa kampuni huishia kwenye faini ni swali la tatu, na kwa nini kitendo fulani kiliandikwa katika sheria kuwa kosa wakati kingine chenye madhara makubwa zaidi hakikuandikwa ni la nne. Anayezilinganisha nadharia bila kwanza kuyatenga maswali haya huishia kuilaumu nadharia kwa kutojibu jambo ambalo haikuwahi kuahidi kulijibu.

Kwa hiyo ulinganisho unaofuata unazipima nadharia kwa mambo matatu: inaeleza nini hasa, inachukulia nini kuhusu binadamu kabla hata ya kuanza kueleza, na ikiwa ni ya kweli, jamii ingepaswa kufanya nini. Jambo la pili ndilo linalosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu nadharia mbili zinaweza kukubaliana kuhusu takwimu zote na bado zikapingana kabisa kuhusu kile kinachohitaji kuelezwa.

Shinikizo au kulegea kwa mafungamano

Mgongano mkubwa kuliko yote katika uwanja huu ni kati ya nadharia ya shinikizo, iliyowekwa na Robert K. Merton katika makala yake ya mwaka 1938, na nadharia ya mafungamano ya kijamii, iliyoandikwa na Travis Hirschi mwaka 1969. Merton alianzia kwenye dhana ya anomia aliyoirithi kwa mwanasosholojia wa Ufaransa Émile Durkheim, lakini akaibadili. Kwa Durkheim, anomia ilikuwa hali ya jamii kukosa mipaka inayozuia matamanio ya watu, hasa wakati wa mabadiliko ya ghafla ya uchumi, iwe ni kuanguka au kustawi. Kwa Merton, tatizo ni kwamba jamii huwahimiza watu wote kulitafuta lengo moja, yaani mafanikio ya mali, huku ikiwagawia njia halali za kulifikia kwa namna isiyo sawa. Mtu aliyebanwa kati ya lengo na njia anaweza kuitikia kwa namna tano: kukubali vyote viwili, kulishika lengo na kubuni njia zisizo halali, kuliacha lengo na kung'ang'ania taratibu, kujitenga na vyote, au kuasi na kutaka kuweka malengo na njia mpya.

Hirschi aliligeuza swali lenyewe. Merton anauliza kwa nini mtu anavunja kaida, kana kwamba kutii ndiyo hali ya asili na uvunjaji unahitaji msukumo. Hirschi anauliza kwa nini watu wengi hawavunji, kwa sababu kwake vishawishi vipo kwa kila mtu na kinachohitaji kuelezwa ni utii. Jibu lake ni mafungamano ya aina nne: upendo kwa wazazi, walimu na watu wengine ambao mtu hapendi kuwahuzunisha, mambo ambayo mtu ameshayawekeza na angeyapoteza, kama vile masomo au kazi, kushughulika na shughuli halali zinazojaza muda, na kuamini kwamba kanuni zinastahili kuheshimiwa. Mafungamano haya yakilegea, hakuna haja ya kutafuta msukumo mwingine.

Tofauti hii si ya kifalsafa tu, kwani inatoa utabiri unaoweza kupimwa. Nadharia ya shinikizo ikiwa sahihi, vijana wenye matarajio makubwa na nafasi ndogo wanapaswa kuwa wakosaji zaidi. Hirschi alitumia majibu ya vijana zaidi ya 4,000 wa eneo moja la jimbo la California nchini Marekani, akakuta kwamba wenye matarajio makubwa ya elimu ndio walioripoti makosa machache zaidi, jambo linalolingana na mafungamano na lisilolingana na shinikizo. Jaribio la pili ni la jinsia. Ikiwa kunyimwa njia halali ndiko kunakozalisha uhalifu, basi wanawake, ambao katika jamii nyingi wamenyimwa njia hizo zaidi ya wanaume, wangeongoza katika uhalifu, ilhali takwimu za takriban kila nchi zinaonyesha kinyume chake. Nadharia ya mafungamano ina jibu lililo karibu zaidi: wasichana husimamiwa kwa ukaribu zaidi nyumbani na hufungwa zaidi na mahusiano ya kifamilia. Jibu hilo halimalizi swali, na Carol Smart alionyesha mwaka 1976 jinsi taaluma nzima ilivyokuwa imewaacha wanawake nje ya nadharia zake, lakini angalau lina pa kuanzia.

Je, shinikizo litupwe? La. Robert Agnew aliipa nadharia hiyo maisha mapya mwaka 1992 kwa kuitoa kwenye lengo la mali peke yake na kuongeza mambo mengine yanayomkera mtu: kupoteza kitu au mtu wa thamani, na kutendewa vibaya na wengine. Katika sura hiyo mpya, hasira ndiyo inayounganisha taabu na kosa, na nadharia inaweza kutumika kwa ukatili wa nyumbani au uonevu shuleni, mambo ambayo Merton hakuyagusa. Anayetaka kueleza kwa nini viwango vya uhalifu wa mali vinatofautiana kati ya jamii nzima na nyingine bado atamhitaji Merton wa 1938. Anayetaka kueleza mtu mmoja mmoja achague kati ya Agnew na Hirschi, na asiwachanganye bila kusema ni yupi kati yao anaanza na dhana ipi kuhusu binadamu.

Nitoe tahadhari moja ndogo kuhusu Hirschi. Mwaka 1990, pamoja na Michael Gottfredson, alichapisha nadharia nyingine iliyohamishia uzito kwenye uwezo wa kujizuia, ambao kwa maelezo yao hujengwa na malezi utotoni na haubadiliki sana baadaye. Kazi nyingi za wanafunzi huchukua vitabu hivi viwili kama kimoja. Cha kwanza kinasema mafungamano yanaweza kujengwa au kuvunjika katika umri wowote; cha pili kinasema mambo mengi yameshaamuliwa kabla ya ujana. Mtafiti anapaswa kushika upande mmoja.

Kujifunza pamoja na wengine

Edwin Sutherland hakuridhika na msukumo wala na kulegea. Kwake, uhalifu hufunzwa kama mambo mengine yanavyofunzwa, ndani ya makundi ya watu wa karibu, na kinachofunzwa si mbinu tu bali pia sababu, tafsiri na visingizio. Umbo la mwisho la nadharia yake, la mwaka 1947, lina hoja tisa, na kiini chake ni kwamba mtu hutenda kosa pale maana zinazoiunga mkono sheria zinapozidiwa na zile zinazoruhusu kuivunja.

Uzuri mkubwa wa nadharia hii ni kwamba haitegemei umaskini. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu uhalifu wa watu wenye vyeo, Sutherland alipitia kumbukumbu za kampuni kubwa 70 za Marekani na kukuta maamuzi 980 dhidi yao kutoka mahakama na vyombo vingine vya serikali. Hakuna aliyeweza kusema kwamba wakurugenzi hao walinyimwa njia halali au kwamba hawakuwa na cha kupoteza. Walijifunza kazini, kutoka kwa waliowatangulia, kwamba hivyo ndivyo biashara inavyofanywa. Kwa sababu hiyo, mtu anayechunguza rushwa ofisini, udanganyifu wa mitihani, matumizi ya dawa haramu katika michezo au ukwepaji wa kodi asianze na Merton wala Hirschi. Aanze na Sutherland, kisha amwongeze Gresham Sykes na David Matza, ambao mwaka 1957 walieleza njia tano ambazo mtenda kosa hutumia kuituliza dhamiri yake: kukana wajibu, kukana madhara, kudai kwamba aliyedhuriwa alistahili, kuwashutumu wanaomshutumu, na kutanguliza utiifu kwa kundi lake.

Udhaifu wake uko kwenye vipimo. Kwamba vijana wakosaji wana marafiki wakosaji ni miongoni mwa matokeo yaliyothibitishwa mara nyingi zaidi katika utafiti wa uhalifu, lakini takwimu za siku moja haziwezi kuonyesha kama marafiki walimfundisha au yeye ndiye aliyewatafuta waliofanana naye. Mwenye nadharia ya mafungamano atasema la pili. Anayetaka kumtetea Sutherland kwa dhati anahitaji data inayowafuata watu wale wale kwa muda, au mahojiano ya kina yanayoonyesha visingizio vikifundishwa. Bila mojawapo ya hizo atabaki akionyesha uhusiano usio na mwelekeo.

Mahali na si mtu

Clifford Shaw na Henry McKay walionyesha mwaka 1942 jambo ambalo hakuna nadharia ya mtu binafsi inayoweza kulieleza. Walipochora kwenye ramani ya Chicago makazi ya watoto waliofikishwa mahakamani, waliona kwamba maeneo yaliyo karibu na katikati ya jiji yalibaki na viwango vya juu kwa miongo kadhaa, ingawa makundi ya wahamiaji walioishi humo yalibadilika. Wahamiaji hao walipohamia maeneo mengine, viwango havikuwafuata. Tatizo lilikuwa la mahali: umaskini, uhamaji wa mara kwa mara na mchanganyiko wa watu wasiofahamiana uliozidhoofisha taasisi za mtaa.

Wazo hili lilipoa kwa muda, kisha likapata nguvu mpya mwaka 1997, Robert Sampson, Stephen Raudenbush na Felton Earls walipochapisha utafiti uliowahoji watu 8,782 katika mitaa 343 ya Chicago. Walipima kuaminiana kwa majirani pamoja na utayari wao wa kuingilia kati, kwa mfano kuwakemea watoto wanaotoroka shule, wakakuta kwamba mitaa yenye uwezo huu wa pamoja ilikuwa na ukatili mdogo zaidi, hata baada ya kuzingatia umaskini na uhamaji. Hapa udhibiti wa jamii unaonekana ulivyo hasa: kwa sehemu kubwa ni kazi ya watu wasio na sare, na polisi hufika baada ya kazi hiyo kushindikana. Mtu anayepanga mradi wa mtaa, awe diwani, kiongozi wa dini au afisa wa ustawi wa jamii, atapata humu mwongozo wa vitendo kuliko katika nadharia nyingine yoyote niliyoitaja. Asichoruhusiwa kufanya ni kumhukumu mtu kwa takwimu za mtaa wake, kwani wakazi wengi wa mtaa wenye uhalifu mwingi si wahalifu, na nadharia hii haikusema vinginevyo.

Wakati udhibiti wenyewe unapozalisha ukiukaji

Nadharia zote zilizotangulia zinakubaliana kimyakimya juu ya jambo moja, kwamba ukiukaji upo kwanza na udhibiti huufuata. Nadharia ya kupachika majina inakataa mpangilio huo. Edwin Lemert mwaka 1951 alitofautisha ukiukaji wa awali, ambao watu wengi huufanya na kuusahau, na ule wa pili, unaotokea mtu anapoanza kujipanga kimaisha kulingana na namna jamii inavyomtazama. Howard Becker mwaka 1963 alienda mbali zaidi na kusema kwamba ukiukaji si sifa ya kitendo bali ni matokeo ya watu wengine kuweka kanuni na kuzitumia kwa mtu fulani.

Ushahidi wa upande huu ni mzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri. William Chambliss, katika makala ya mwaka 1973, aliwafuatilia kwa miaka miwili wavulana wa shule moja ya Marekani: kundi la wanane kutoka familia zenye uwezo na kundi la sita kutoka familia duni. Makundi yote mawili yalivunja kanuni mara kwa mara, lakini hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyekamatwa, wakati wale sita walikuwa na matatizo na polisi bila kukoma. Mwaka 2003 Devah Pager alichapisha jaribio la mjini Milwaukee, ambamo vijana waliofundishwa kuigiza waliomba kazi wakiwa na sifa zinazolingana, tofauti ikiwa ni rangi na rekodi ya kifungo. Wazungu wasio na rekodi waliitwa tena kwa asilimia 34, wenye rekodi asilimia 17. Weusi wasio na rekodi asilimia 14, na wenye rekodi asilimia 5. Alama iliyowekwa na mahakama ilifunga milango ambayo ndiyo ingemrudisha mtu katika maisha halali, na takwimu hizo mbili za katikati zinaonyesha pia kwamba rangi pekee ilifanya kazi ya alama.

Hata hivyo, jambo linalopaswa kumvutia zaidi anayechagua ni kwamba adhabu haina matokeo ya aina moja. Jaribio la polisi wa Minneapolis, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1984, lilionyesha kwamba wanaume waliokamatwa kwa kuwapiga wenzi wao walirudia kosa kwa kiwango kidogo kuliko wale waliopewa ushauri au kuondolewa nyumbani kwa muda. Hayo yanalingana na wanaoamini kwamba adhabu huzuia. Jaribio liliporudiwa katika miji mingine matokeo yaligongana, na huko Milwaukee kukamatwa kulipunguza marudio kwa wenye kazi lakini kukayaongeza kwa wasio na kazi. Mwenye kazi ana cha kupoteza, kwa hiyo udhibiti humzuia. Asiye na kazi hupata jina baya tu. Sioni namna ya kuyaeleza matokeo haya kwa nadharia moja peke yake. Upachikaji majina na mafungamano zinahitajiana hapa, na John Braithwaite aliliona hilo mwaka 1989 alipotofautisha aibu inayomrudisha mkosaji kundini na aibu inayomtenga moja kwa moja.

Pale ambapo nadharia hii haisaidii ni kueleza kitendo cha kwanza. Haisemi kwa nini Chambliss aliwakuta wavulana wale kumi na wanne wakivunja kanuni hapo mwanzo. Anayeitumia kueleza mauaji au ubakaji kana kwamba ubaya wake hutokana na jina tu anaikosea nadharia na anawakosea waathirika.

Nani anaandika kanuni

Nadharia ya mgongano wa matabaka hujibu swali la nne. Willem Bonger mwaka 1905 aliuhusisha uhalifu na ubinafsi unaokuzwa na ubepari, na Georg Rusche na Otto Kirchheimer mwaka 1939 walionyesha jinsi aina za adhabu katika historia ya Ulaya zilivyofuata mahitaji ya nguvu kazi. Chambliss, huyo huyo wa wavulana wa shule, alichunguza mwaka 1964 sheria za uzururaji za Uingereza na kuzifuatilia hadi karne ya 14, wakati tauni ilipokuwa imewapunguza wafanyakazi na wenye ardhi wakawahitaji watu wa kulima. Michel Foucault mwaka 1975 aliongeza kwamba udhibiti wa kisasa haufanyi kazi kwa kuumiza mwili hadharani bali kwa kumzoesha mtu kutazamwa, shuleni, kiwandani na hospitalini sawa na gerezani.

Nadharia hizi zichaguliwe na yule ambaye data yake ni sheria, mijadala ya bunge, bajeti za magereza na historia ya taasisi. Hazimfai anayehoji vijana. Kasoro yao iliyotajwa mara nyingi, hata na wafuasi wao wenyewe kama John Lea na Jock Young mwaka 1984, ni kwamba uhalifu mwingi wa mtaani hufanywa na maskini dhidi ya maskini, na mkazi aliyeibiwa mtaani kwake hafarijiki kuambiwa kwamba sheria ni chombo cha matajiri.

Kuhusu kuunganisha nadharia

Wasimamizi wengine hupiga marufuku kutumia nadharia mbili katika tasnifu moja. Nadhani marufuku hiyo imepita kiasi. Kinachokatazika ni kuunganisha zile zinazopingana katika msingi, kama shinikizo la Merton na mafungamano ya Hirschi, kisha kudai kwamba kila tokeo linathibitisha zote mbili. Zinazojibu hatua tofauti za jambo lile lile zinaweza kukaa pamoja, na mfano bora ni kazi ya Robert Sampson na John Laub ya mwaka 1993. Walizifufua kumbukumbu za wavulana 500 wa Boston waliowahi kuwekwa katika vituo vya marekebisho na wengine 500 wasio wakosaji, zilizokusanywa na Sheldon na Eleanor Glueck, wakaonyesha kwamba ndoa yenye upendo na kazi ya kudumu ziliwatoa wengi kwenye uhalifu hata waliokuwa wameanza mapema sana. Mafungamano yalieleza kuacha. Kifungo kirefu, kwa upande wake, kiliharibu uwezekano wa kupata kazi ya kudumu na hivyo kuyalegeza mafungamano ambayo yangemwokoa mtu, na hapo nadharia ya kupachika majina inaingia bila kulazimishwa. Mwaka 2003 walichapisha ufuatiliaji wa wanaume hao hadi umri wa miaka 70, na matokeo yake yanaipinga waziwazi hoja ya Gottfredson na Hirschi ya 1990 kwamba mambo huamuliwa utotoni. Anayefuatilia maisha ya watu wale wale kwa miaka mingi, au anayewahoji wazee kuhusu walikopitia, hatapata mfumo mwingine unaoyabeba mabadiliko ya umri kwa uaminifu kama huu. Lakini mwenye dodoso la siku moja asiuchukue, kwa kuwa hana namna ya kuonyesha kilichotangulia kati ya kazi na kuacha makosa.